Hati Katika Chombo cha Udongo: Wakili na Makazi ya Mnyonge

Tangu Daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, sisi wa Busisi hatungoji tena kivuko ili kufika Kigongo na kuendelea hadi Mwanza mjini. Njia inapofupika, viwanja vya kandokando hutafutwa. Na penye wanunuzi wengi, matapeli hawakosekani. Ndiyo maana tumeona vema kueleza kazi ya wakili pale familia yenye kipato kidogo inapotafuta makazi.

Maandiko Matakatifu yanatupatia mfano. Yerusalemu ikiwa imezingirwa na Wababeli, nabii Yeremia alinunua shamba kwa Hanameli, mtoto wa ami yake. Alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati na kuitia muhuri mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku aihifadhi katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi (Yer 32:6-15). Kumtumainia Mungu hakukumwondolea nabii haja ya maandishi. Hati ile yenyewe ilikuwa tangazo la tumaini.

Kazi ya wakili huanza kabla fedha hazijatolewa. Ikiwa ardhi imesajiliwa, hupekua rejesta katika ofisi ya Msajili wa Hati, ajue mmiliki ni nani na kama kuna rehani. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji ihusishwe. Sahihi ya muuzaji na jirani mmoja haitoshi. Tena huuliza habari za mwenzi wa ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa yake. Swali hilo moja limewaepusha akina mama wengi na watoto wao kulala nje.

Upo pia upande wa mikopo. Wengi wetu hujenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kwa sababu benki hudai hati kama dhamana. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa Tanzania Mortgage Refinance Company mwaka 2010, inayozipatia benki fedha za muda mrefu, kulilenga kurefusha muda wa kurejesha mikopo. Wakili mwema humsomea mkopaji mkataba wote kwa lugha anayoielewa: riba, muda, na yatakayompata akishindwa kulipa.

Kanisa lafundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote, na kwamba umiliki halali hulinda heshima na uhuru wa mtu (KKK 2402). Katika *Laudato si'* (152), Baba Mtakatifu Fransisko aliunganisha makazi na hadhi ya mtu na ustawi wa familia.

Basi, ndugu wapendwa, tusitoe fedha kwa haraka wala kwa aibu ya kumwuliza ndugu yetu karatasi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaada wa kisheria, unaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Na mawakili waamini wamtazame Mtakatifu Ivo, padre na mwanasheria, mtetezi wa maskini, tunayemkumbuka tarehe 19 Mei. Atuombee.