Unga wa lishe: soko linamkata mwenye kuchambua

Biashara ya unga wa lishe imekua kwa sababu kila mzazi wa mtoto aliyetimiza miezi sita anataka kuambiwa kwamba uji anaoupika una kila kitu. Mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga vikisagwa pamoja na kufungwa kwenye mfuko wenye picha ya mtoto mwenye afya, kilo huuzwa ghali kuliko sembe, na mnunuzi huitoa tofauti hiyo bila kinyongo. Fedha hiyo ya ziada inalipia mchanganyiko, kifungashio na usafiri. Hailipii hali ya punje zilizoingia kinuni. Kwa sababu hiyo, pamoja na semina, nembo na miongozo yote, soko hili bado linampa faida nono yule anayenunua mahindi bila kuyatazama.

Msagaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye hakutaka kutajwa, analalamika kwa hesabu, na hesabu yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Mahindi analetewa na dalali kwa uzito. Yakiwa na unyevu yanalemea mizani, hivyo aliyeuza kabla hayajakauka amelipwa maji kwa bei ya nafaka. Msagaji akiyaanika upya kwenye turubai, uzito unashuka na hasara ni yake. Akiwaita kina mama wa kuchambua, anawalipa, na mzigo unapungua tena kwa kila punje iliyooza, iliyopasuka au iliyotobolewa na wadudu. Mwisho wa yote unga wake unafanana kabisa na wa jirani aliyemwaga gunia zima kinuni, na mwenye duka anataka bei ileile kwa wote wawili. Hata zile punje alizozitenga zina wateja, kwa sababu watengenezaji wa chakula cha mifugo huzichukua. Anadai kuwa wakaguzi humuuliza kuhusu vigae vya ukutani, makoti meupe na tarehe ya mwisho wa matumizi, lakini ni nadra kuulizwa mahindi ameyatoa wapi na yalikaa vipi huko yalikotoka. Haya ni maneno ya mtu mwenye maslahi yake, na msagaji mwenye bidii pengine ana sababu ya kujisifu. Hata hivyo hesabu yake haitegemei tabia yake: anayechambua anabaki na kilo chache za kuuza.

Anachotenga si uchafu wa kawaida. Fangasi wanaotoa sumukuvu hushambulia mahindi na karanga tangu shambani, hasa zao likipigwa na ukame au wadudu, kisha huzidi ghalani pale nafaka inapofungiwa mbichi, kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13 hivi. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Kenya ilipoteza watu 125 katika mlipuko wa mwaka 2004, na mwaka 2016 watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kati ya 68 waliougua. Kwa kiwango kidogo cha kila siku sumu hii haiui papo hapo, lakini inasababisha saratani ya ini, na tafiti zilizofanyika Benin na Togo zilikuta watoto wenye kiwango kikubwa cha sumu hiyo mwilini wakiwa wamedumaa kuliko wenzao. Wapo wanaojibu kwamba kukutwa pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine, na wana hoja. Bado unga wa lishe unachanganya mazao mawili yanayoshambuliwa zaidi na kumpa mlaji mdogo kuliko wote, asubuhi na jioni. Washauri wa lishe wamekuwa wakisisitiza kwamba nafaka nyingi zisirundikwe kwenye unga mmoja. Ushauri huo haujapenya sokoni, kwa kuwa kinachouzwa hasa ni urefu wa orodha ya viambato.

Ukiwaeleza haya wasimamizi, jibu huja na takwimu. Ofisa mmoja anayefuatilia masuala ya lishe anarejea udumavu wa watoto chini ya miaka mitano nchini Tanzania, ulioshuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, na anavitaja vyakula vilivyosindikwa kama sehemu ya mafanikio hayo. Takwimu ni za kweli. Lakini haziwezi kubeba mzigo anaozitwisha, kwa kuwa hazisemi kupungua huko kumetokana na nini, na watoto wameongezeka katika kipindi hichohicho, hivyo idadi ya waliodumaa haijashuka kwa kasi ya asilimia hiyo. Anasema pia kwamba mjasiriamali mdogo anasaidiwa kupata nembo ya ubora katika miaka yake ya mwanzo. Msaada huo ni mzuri kwa mtaji wake, ila nembo hutegemea sampuli, na sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache ndani ya gunia zinaweza kubeba karibu sumu yote. Sampuli iliyofaulu mwezi wa mavuno haizungumzii gunia lililonunuliwa miezi sita baadaye kwa dalali mwingine.

Wengine wanaona dawa ni kukoboa, kwani sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Hapo miongozo yenyewe inavutana, kwa sababu mlaji huyohuyo ameshauriwa ale dona asikose nyuzinyuzi na vitamini. Kisha pumba haipotei. Inakwenda kwa kuku na ng'ombe, na ng'ombe wa maziwa aliyelishwa sumukuvu huitoa sehemu yake kwenye maziwa. Kuongeza virutubishi kiwandani nako ni jambo jema linalotibu tatizo lingine: madini ya chuma na asidi ya foliki vinaweza kukaa kwenye mfuko mmoja na sumu bila kuigusa.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Mahindi makavu yakilipwa zaidi, unga utapanda, na mama mwenye kipato kidogo ndiye atakayeumia. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inasahau kwamba leo yeye tayari analipia maji yaliyomo kwenye mizani. Kipima unyevu kwenye soko la nafaka kama la Kibaigwa, Dodoma, na bei inayoshuka kadiri unyevu unavyopanda, vingemrudishia mkulima gharama ya turubai na mifuko isiyopitisha hewa kabla msagaji hajaguswa. Dalili kwamba mnunuzi anaweza kulazimisha hilo ipo: Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, na wafanyabiashara wakaanza kuzungumzia upimaji. Huenda viwanda vikubwa vikaendelea kubana hivyo, hasa mavuno yakiwa mengi na mnunuzi akiwa na nafasi ya kuchagua. Msimu wa uhaba matumaini ni madogo. Lori lililokataliwa mpakani au kwenye lango la kiwanda ni nadra kurudi shambani. Linamtafuta mnunuzi asiyepima, na wasagaji wadogo wa unga wa lishe ni miongoni mwa walio karibu.