Utangulizi: Kasha, Ufunguo na Ada

Uwanja wa programu za kutunza nywila unaouingia bado ni mchanga. Mwaka 1997 Bruce Schneier alitoa Password Safe, programu ndogo ya kutunza nywila ndani ya kompyuta moja. Mwaka 2003 Mjerumani Dominik Reichl akaja na KeePass. Zote mbili zilikuwa za bure, na zote zilikuachia faili moja lililofungwa kwa nywila kuu. Faili ni lako, na likipotea hasara ni yako.

Simu zikavuruga mpango huo. Mtu akibadilisha nywila ya benki akiwa ofisini, jioni anaitaka mkononi, kumbe faili limebaki kwenye kompyuta. Programu ya 1Password, iliyoanzia Kanada mwaka 2006, kwa miaka kadhaa ilimwacha mteja apitishe faili lake kwenye Dropbox au iCloud, na alilipa mara moja tu. Mwaka 2016 kampuni ikaleta ada ya kila mwezi na kuyahifadhi makasha, yaani mafaili hayo ya nywila, kwenye seva zake. Toleo la nane likaondoa kabisa leseni ya malipo ya mara moja, pamoja na kasha la ndani ya kifaa. Wateja wa siku nyingi walilalamika sana, na nawaelewa.

Wanafunzi wangu hukimbilia kuuliza bei. Mimi huwaomba waulize kwanza: kasha linakaa kwa nani, na ufunguo uko kwa nani? Ada hulipia utunzaji wa kasha, yaani seva, nakala za akiba na watu wa kuzilinda. Ufunguo haupaswi kutoka kwako kamwe. Nywila kuu huzungushwa na kanuni kama PBKDF2 maelfu ya mara humo humo ndani ya simu yako hadi upatikane ufunguo, na kinachopaswa kupanda winguni ni maandishi yaliyosimbwa tu.

Mwaka 2022 jambo hilo lilipata mtihani. Wezi walinakili makasha ya wateja wa LastPass, kampuni nyingine ya kutunza nywila. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti zilikuwa wazi, hivyo mwizi aliweza kusoma mteja ana akaunti wapi. Tena baadhi ya akaunti za zamani zilikuwa zimeachwa na mizunguko 5,000 ya PBKDF2 au pungufu, ilhali kiwango cha kampuni yenyewe kilikuwa 100,100. Aliyelipa ada na asiyelipa waliibiwa sawasawa.

Ndiyo maana siipokei ada kuwa dhamana. Bitwarden, programu nyingine ya nywila iliyotoka mwaka 2016, husawazisha vifaa vyako bila malipo, msimbo wake uko wazi kwa kila mkaguzi, na mwenye ujuzi anaweza kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe.

Sura ya kwanza inahusu nywila kuu. Kabla hujaifungua, ingia kwenye mipangilio ya programu unayotumia. Ukikuta PBKDF2 iko chini ya mizunguko 600,000 na programu inakuruhusu kuibadili, ipandishe leo.