Kijana Akimlalamikia Mungu

Julai 1967, Joni Eareckson, msichana Mkristo wa Maryland, Marekani, alikuwa na miaka 17. Alijirusha kichwa mbele katika ghuba ya Chesapeake, mahali ambapo maji hayakuwa na kina. Shingo ilivunjika, na tangu siku hiyo amepooza kuanzia mabegani kwenda chini. Aliombewa apone, naye akaamini angepona. Hakupona. Alikasirika, akatamani kufa. Swali lililomtesa kitandani ni lile ambalo kila mlezi wa vijana amewahi kulisikia: kama Mungu ni mwema, mbona haya yamenipata mimi?

Wanasaikolojia nao wamelifuatilia swali hilo. Kenneth Pargament wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State, Ohio, amechunguza kwa miongo mingi namna waumini wanavyoitegemea dini shida inapowafika. Wapo wanaomwona Mungu yuko upande wao: wanamwomba, wanatafuta maana ya yaliyowapata, wanawaegemea waumini wenzao. Wapo wanaohisi amewaadhibu au amewatupa. Mwaka 2005, Gene Ano na Erin Vasconcelles walipitia tafiti 49 na kuona kwamba njia ya kwanza huenda pamoja na utulivu wa moyo, na ya pili pamoja na wasiwasi na sonona.

Zaidi ya hapo, mwaka 2001 Pargament na wenzake walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi kwa takriban miaka miwili. Waliohisi kwamba Mungu hawapendi au amewaacha walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki, hata baada ya ukali wa maradhi yao kuzingatiwa. Hao walikuwa wazee, si vijana, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba hisia ndiyo iliyoua.

Mzazi akisoma hayo anaweza kukimbilia kumnyamazisha mwanawe: usiseme hivyo, unamkosea Mungu! Lakini utafiti uliofuata, wa mwaka 2004, unaonyesha jambo jingine. Waliozidi kudhoofika ni wale ambao mgogoro wao na Mungu uliendelea muda mrefu bila kutatuliwa. Waliopita humo wakatoka hawakuathirika kwa kiasi hicho.

Basi kinachohitajika ni kumsaidia kijana apite, na hapiti akiwa amezibwa mdomo. Taasisi ya vijana ya Fuller, huko California, iliwafuatilia vijana zaidi ya 500 waliotoka kwenye vikundi vya makanisa na kuingia chuoni. Wengi walikuwa na mashaka kuhusu imani tangu sekondari, ila wengi wao hawakuthubutu kuyasema. Waliopata nafasi ya kuyasema ndio ambao imani yao ilielekea kukomaa. Julie Exline, mtafiti wa hasira za watu kwa Mungu, ameonyesha kwamba mtu anaweza kumkasirikia Mungu na bado akampenda, jambo ambalo Biblia inalijua vizuri: karibu theluthi ya Zaburi 150 ni maombolezo, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila jibu lolote.

Makanisani kwetu, hata hivyo, mtoto wa kidato cha pili aliyefiwa na mama huambiwa kabla kaburi halijafukiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Anayesema ana nia njema, na huenda maneno hayo yamemtuliza yeye mwenyewe alipofiwa. Kwa mtoto yule yamekuja mapema mno. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jema walilomtendea. Mambo yaliharibika walipoanza kumweleza sababu.

Joni naye alipata mtu wa kukaa naye hivyo: Steve Estes, mwanafunzi wa sekondari mdogo kwake kwa umri, aliyekuja na Biblia na kumwacha aulize chochote. Si ajabu kwamba msaada ulitoka kwa kijana mwenzake. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri, ambao si wa kidini, uliwatumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa wiki nne, wakizungumzia shukrani, uwezo wa mtu kubadilika na mambo anayoyathamini maishani. Katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokuwa katika vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Fellowship za shule, kama zile za UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo huku Tanzania, tayari zina vikundi na viongozi vijana; kinachoweza kuongezwa ni kipindi ambacho maswali magumu yanaruhusiwa.

Kijana akipoteza usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, au akitaja kutaka kufa, asiachwe peke yake wala asiishie kuombewa tu. Mlezi ampeleke hospitali, na kama ametaja kufa ampeleke siku hiyohiyo; maombi yaendelee njiani.