Simu Ikikuuliza, Soma Kwanza

Juzi mama mmoja wa darasa letu la kisomo alinijia na simu mkononi. "Mwalimu," alisema, "picha za harusi ya binti yangu zimepotea zote." Nikamwuliza simu ilimwambia nini. Akajibu: "Iliniuliza kitu. Sikusoma, nikabonyeza Ndiyo ili swali liondoke."

Wengi wetu tunafanya hivyo. Basi leo tuzungumze juu ya swali hilo.

Mara nyingine simu au kompyuta husimama, ikafungua kisanduku kidogo kwenye kioo. Ndani yake mna maneno machache, na chini vipo vitufe. Hiki huitwa kisanduku cha mazungumzo. Mashine inauliza, nawe unajibu kwa kubonyeza. Ni kama karani anayekuuliza, "Nipige muhuri?" kabla hajapiga.

Kisanduku kizuri kinasema wazi litakalotokea. "Futa picha 40?" ni swali bora kuliko "Una uhakika?" Na vitufe vyake vitaje kitendo: "Futa" au "Usifute". Hapo hata mwenye haraka ataelewa.

Lakini usidhani kila kosa ni la msomaji. Huko Marekani, kampuni ya Apple ilitengeneza kompyuta iliyoitwa Lisa, ikaanza kuuzwa mwaka 1983. Kabla ya hapo, watu wa kawaida waliitwa waijaribu, na watengenezaji wakawatazama. Kitufe kimoja kiliandikwa "Do It", maana yake "fanya". Mtu mmoja akaudhika. Yeye alisoma "dolt", maana yake "mjinga"! Maneno mawili yalikaribiana mno, na I kubwa ilifanana na l ndogo. Basi watengenezaji wakabadili kitufe, kikawa "OK", yaani "sawa". Msomaji hakubadilishwa. Yalibadilishwa maandishi.

Kwa hiyo usione haya kusema, "Swali hili silielewi." Mwulize mwenzako kabla ya kubonyeza.

Hatari kubwa iko kwenye pesa. Unapotuma pesa kwa simu, mara nyingi simu hukuonyesha kiasi na jina la mpokeaji kabla ya kumaliza. Hapo ndipo pa kusimama. Tarakimu moja ikikosewa, ada ya mtoto inakwenda kwa mtu usiyemjua. Soma jina. Soma kiasi. Kama sivyo, usiweke namba ya siri. Bonyeza "Ghairi", yaani acha, kisha uanze upya. Na ukichelewa kusoma hata kisanduku kikajifunga, usihofu. Kama hujaweka namba ya siri, pesa yako bado ipo.

Yule mama sasa husoma kila kisanduku kwa sauti, neno kwa neno. Wajukuu humcheka. Yeye huwajibu: "Nilisoma kisomo ili nisome."

Mjadiliane:
1. Je, simu yako iliwahi kukuuliza swali usilolielewa? Ulifanya nini?
2. Kabla ya kutuma pesa, utasoma mambo gani mawili?