Mnyama Amepotea: Nani Atajibu?

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wengine watalicheka: mbuzi, mbwa, paka na kuku wanaopotea hapa kambini, na watu wanaojitolea kuwarudisha kwa wenyewe. Anayecheka bila shaka hajapoteza mbuzi. Kwa familia inayoishi kwa posho, mbuzi jike mmoja ni madaftari ya watoto, ni sabuni, ni mboga siku ambayo maharage yamekwisha kabla ya mgao. Paka anachunga mahindi yasimalizwe na panya. Mbwa analala mlangoni kwa mama aliye peke yake na watoto, na usiku akibweka, majirani nao wanaamka.

Kuna kundi dogo la vijana, pamoja na mama wawili, waliojipa kazi hiyo. Hawana ofisi wala fulana zenye maandishi. Wana kamba, daftari moja, na kipaza sauti cha kuazima. Mtu akipotelewa anawaambia, mtu akiokota anawaletea. Hawalipwi kitu. Lakini sasa wawili kati yao wameacha, na waliobaki wanasita. Ukiwauliza sababu, jibu ni lile lile: mimi sitashika tena mbuzi ya mutu, akifa mukononi mwangu mutasema nimemuua.

Tulikaa nao siku chache ili tuone wanavyofanya, na tukakuta kazi yenyewe ina ujuzi kuliko tulivyodhani. Habari ya kwanza wanaipeleka bombani, kwenye foleni ya madumu, maana hakuna redio inayolishinda bomba. Ya pili wanaipeleka kwa watoto. Mtu mzima anajua mbwa wa jirani wa kulia na wa kushoto, basi. Mtoto wa miaka tisa anajua mbwa wa kijiji kizima, majina yao, na yupi anauma. Siku ya mgao ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu watu wa zoni mbalimbali wanapita njia moja.

Kuku hawahangaiki kumtangaza kwanza. Wanamfunga mguu mpaka saa kumi na mbili jioni, halafu wanamwachia pale pale alipookotwa na kumfuata polepole. Giza likikaribia, kuku hatafuti kitu kingine ila mahali anapolala. Mbuzi naye, kama hakutoka mbali, jioni anashika njia ya kwao mwenyewe. Ndiyo maana vijana hawa wanasema mbuzi wengi wanaotangazwa kuwa wamepotea hawakupotea hata kidogo, wamefungwa nyuma ya nyumba ya mtu. Mbwa anaitwa kwa jina, lakini kuitika si ushahidi wa kutosha. Mbwa anamshangilia yeyote aliyempa ugali jana.

Kwa hiyo wana kanuni moja: anayedai ndiye anayesema kwanza. Hawamwonyeshi mnyama mpaka aeleze alama zake, kama vile sikio lililokatwa, rangi ya kamba, kovu, au kitambaa kilichoshonwa kwenye bawa la kuku. Wapo waliofika wakasema ni mbuzi mwenye doa jeupe, na walipoulizwa doa liko upande gani wakaanza kutazama miguu yao. Mara moja walifika watu wawili kwa mbuzi mmoja anayenyonyesha, kila mmoja na mashahidi wa ukoo wake, na maneno yakaanza kuwa makali. Mama mmoja wa kundi akasema: nendeni mkalete mtoto wake. Mmoja alirudi na mwanambuzi, akawekwa chini, akaenda moja kwa moja kwenye chuchu na mama akasimama ampe. Mbuzi hanyonyeshi mtoto wa mwingine kwa urahisi hivyo. Yule wa pili aliondoka bila kuaga.

Sasa tuje kwenye shida.

Msimu wa mvua uliopita, kijana mmoja wa kundi alimkuta mbuzi anazurura usiku karibu na choo cha shule. Akamfunga kwake, akamwambia mzee wa kijiji asubuhi. Kumbe mbuzi alikuwa ameshaingia mahali na kula mahindi makavu mengi. Wanaofuga wanajua maana yake: tumbo linavimba, na mara nyingi hakuna kinachosaidia. Mchana alikufa. Mwenyewe akatokea, naye badala ya kushukuru akadai alipwe. Kijana hana kitu, mama yake akauza sehemu ya posho. Sisi tunasema wazi kwamba hilo halikuwa haki. Aliyeshika mnyama wa mwenzake, akamtunza kama anavyotunza wake, na akatoa habari mapema, hana deni. Mwenye deni ni yule anayekaa kimya siku tatu akingoja kuona kama kuna atakayeuliza.

Na huyo wa kukaa kimya asidhani amekaa salama. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, sawa na ile ya Kenya, inagusa habari ya kitu kilichookotwa. Aliyekiokota na kukifanya chake hahesabiwi mwizi ikiwa hakumjua mwenyewe, na tena aliamini kwa sababu za maana kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Jamani, hapa kambini, penye wazee wa vijiji, sungusungu, bomba na kipaza sauti, nani ataapa kwamba mwenye mbuzi hakuweza kupatikana?

Halafu kuna bustani. Mbuzi aliyepotea hapotei na njaa yake. Akipita kwenye lengalenga ya mama aliyebeba maji kichwani wiki tano kumwagilia, mama huyo anataka kulipwa, tena ana haki. Lakini mara mbili tumesikia akilipishwa yule aliyemwondoa mbuzi bustanini, eti kwa sababu ndiye alionekana naye. Hii ni kinyume kabisa. Mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayejibu kwa meno ya mbuzi wake. Tukiwatoza waliomshika, kesho kila mtu atamwona mbuzi anakula bustani ya jirani na kupita kama hakuona.

Ikiwa mnyama amevuka mpaka wa kambi na kuingia katika mashamba ya wenyeji, tunawaomba vijana wasimfuate. Kutoka bila ruhusa ni kosa, na kijana mgeni anayeonekana jioni akivuta mbuzi katika shamba la mtu hatapata nafasi ya kujieleza. Zungumzeni na uongozi wa kambi, nao wazungumze na mwenyekiti wa kijiji cha wenyeji. Mbuzi kadhaa wamerudi kwa njia hiyo. Inachelewa, lakini hakuna aliyepigwa.

Yote hayo ni mali, na mali inaweza kulipwa. Kuna lingine lisilolipika.

Watoto watano waliokota mbwa mdogo nyuma ya soko, wakamtangaza nyumba kwa nyumba ili wapate mwenyewe, wakiigiza kundi letu. Walimbeba kwa zamu. Alikuwa anatoa mate mengi, na aliwang'ata wawili vidole, kidogo tu, kama watoto wa mbwa wanavyong'ata wakicheza. Siku ya pili miguu ya nyuma haikusimama tena, siku ya tatu akafa. Ni nyanya wa mmoja wao aliyeshituka, akawakusanya wote watano na kuwafikisha hospitali ya kambi. Walichomwa sindano, wakarudi tena na tena mpaka wakamaliza, na leo wanacheza mpira. Lakini wazazi wengine walikuwa tayari wameanza kulilaumu kundi kwamba limewafundisha watoto kuokota mbwa. Hapo ndipo wale wawili walipoacha.

Kichaa cha mbwa hakina mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wamekipata kwa mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mnyama wa kushukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Ugonjwa uko katika mate, kwa hiyo hata kulambwa kwenye kidonda kunatosha. Ukishaanza kuonekana kwa mtu, yaani kuogopa maji, kuweweseka, koo kukaza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla haujaonekana unazuilika, na hili linajulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana aliyeumwa na mbwa huko Ufaransa, naye akapona.

Wengi hapa wanamtambua mbwa mkali mwenye mapovu anayekimbia akiuma kila kitu. Wachache wanamtambua yule wa pili: amepooza, taya limelegea, anatetereka, anaonekana kama amekwama mfupa kooni. Mtu mwenye huruma anaingiza mkono amtoe mfupa. Usifanye hivyo. Na mbwa mgeni aliyeacha ghafla kuogopa watu naye si wa kupakata, awe mkubwa au mdogo.

Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kamili, siyo kumwagia kikombe kimoja. Tunajua maji ni ya foleni. Siku hiyo jirani akupe dumu lake. Usipake majivu, pilipili wala majani. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungwa bila kumgusa mtu, asiuawe haraka, kwa sababu akiangaliwa siku 10 na akabaki mzima, muuguzi atajua afanye nini na sindano zilizobaki. Vijana wa mawe, mnasikia?

Mwenye mbwa ndiye mwenye kazi ya kumchanja wakati chanjo inapotangazwa. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Kadi ya chanjo itunze pamoja na kadi ya posho, kwa kuwa siku mbwa akipotea, hiyo ndiyo karatasi inayosema ni wako. Anayemwacha mbwa wake bila chanjo, akauma mtoto wa watu, asije kumtafuta kijana aliyemrudisha.

Kuna mbwa wengine ambao hawakupotea ila wenyewe wameondoka. Familia inapata safari, gari la safari linakuja alfajiri, na mbwa anakimbia nyuma ya vumbi mpaka anachoka. Halafu anarudi kulala mbele ya mlango uliofungwa kwa msumari. Mmoja tunamjua, alilala hapo karibu miezi miwili, akilishwa na mama wa jirani. Siku alipomuuma mpita njia, watu wakamwambia yule mama: wewe ndiye mwenyewe, unamlisha. Naye akajibu kwamba alikuwa anamhurumia tu. Hapo hata wazee walikosa la kusema.

Msidhani mambo haya ni ya kambini peke yake. Huko Marekani, ambako jamaa zetu wengi wamehamia, kimbunga Katrina kiliupiga mji wa New Orleans Agosti 2005, na watu wengi walihamishwa bila kuruhusiwa kuchukua mbwa na paka wao. Wengine walikataa kutoka. Wanaojitolea waliokoa maelfu ya wanyama na kuwapeleka majimbo ya mbali, ambako walipewa familia mpya. Wenyewe walipowatafuta baadaye, baadhi walikatazwa, na kesi zikafika mahakamani: mbwa ni wa aliyempoteza au wa aliyempokea? Mwaka 2006 ikatungwa sheria kwamba mipango ya kuhamisha watu wakati wa maafa izingatie na wanyama wa nyumbani. Nchi yenye mahakama kila mtaa ilishikwa na swali lile lile lililotushika sisi mbele ya mlango wa msumari.

Basi, mwenye safari asiache mbwa kama anavyoacha jiko la udongo. Amkabidhi mtu kwa jina, mbele ya mzee wa kijiji na jirani wawili, wiki moja kabla, ili mbwa aanze kulala kwa mwenyewe mpya kamba ikiwa bado mkononi. Na anayepokea ajue amepokea vyote, mlinzi na meno yake.

Baada ya maneno mengi, wazee wa vijiji vyetu walikaa na kundi na wakakubaliana hivi. Mnyama aliyeokotwa ataandikwa kwenye daftari siku hiyo hiyo mbele ya mzee, pamoja na hali yake: mzima, mgonjwa, ana jeraha. Akifa baada ya kuandikwa, aliyemshika halipishwi, na nyama haigawanywi kabla mwenyewe hajatafutwa. Hili la nyama lilileta kicheko, lakini liliandikwa. Madai ya bustani yanakwenda kwa mwenye mnyama. Mbwa wasiojulikana hawashikwi na mtoto yeyote, na mtu wa kundi hamgusi kwa mkono mtupu. Mmoja wa wale wawili walioacha amerudi. Wa pili bado anafikiri, na hatumlazimishi.

Hadi tunapiga chapa, kwa kundi kuna beberu mweusi mwenye pembe moja iliyovunjika, aliyepatikana karibu na uwanja wa mpira, bata jike wawili, na mbwa jike wa kahawia ambaye anaitika jina tusiloliandika hapa. Beberu ana alama nyingine, nayo hatuitaji. Mwenye kuwajua aende na mzee wa kijiji chake, baada ya saa tisa alasiri, na kamba aje nayo mwenyewe, maana za kundi zimekwisha.