Jino zima linapouma bila sababu kuonekana

KUUMWA na jino ambalo daktari haoni ubovu wake ni mateso mawili kwa pamoja: maumivu yenyewe, na kutoaminiwa. Mgonjwa wa Ujiji hupanda daladala hadi Hospitali ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, hupigwa picha ya eksirei, kisha huambiwa jino ni zima. Hurejea nyumbani angali ameshika shavu, na majirani humpa habari za mdudu wa jino.

Mdudu huyo hayupo. Maumivu yapo, ila chanzo chake huenda hakimo jinoni.

Hisia za uso, taya, fizi na meno hupelekwa ubongoni na mshipa wa tano wa fahamu. Kwa kuwa njia ni moja, ubongo huweza kukosea habari imetoka wapi. Vifuko vya hewa vya mashavuni vikivimba kwa mafua, magego ya juu huuma, hasa mtu anapoinama. Mkanda wa jeshi huweza kutanguliwa na maumivu ya jino siku kadhaa kabla ya vipele. Taya likiuma mtu anapobeba mzigo na kutulia akipumzika, yamkini ni moyo. Huyo asingoje kesho.

Linalopotosha zaidi ni gonjwa la mshipa wenyewe. Maumivu hupiga kama umeme upande mmoja wa uso, kwa sekunde chache hadi dakika mbili hivi, kisha hukoma. Huchochewa na kunawa uso, kutafuna, hata upepo. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, anayekesha ziwani, anaweza kudhani ni baridi tu iliyomwingia jinoni. Huwapata zaidi waliovuka miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Vidonge vya kawaida vya maumivu havifui dafu. Husaidia kabamazepini, dawa ya kifafa, ambayo lazima iandikwe na daktari kwani huweza kuleta kizunguzungu na kupunguza chembechembe za damu.

Kosa kubwa ni kukimbilia kung'oa. Jino zima likitolewa, maumivu huhamia la jirani, nalo likang'olewa, hadi mgonjwa akabaki na pengo na maumivu yaleyale. Kabla ya koleo, jino lichomwe sindano ya ganzi. Maumivu yasipotulia, chanzo kitafutwe kwingine. (Jino nalo si kila mara halina hatia: ufa mwembamba hauonekani katika picha, na huuma mtu anapoachia alichokiuma.)

Wapo ambao chanzo hakipatikani kabisa. Hao huweza kupewa amitriptilini kwa dozi ndogo, na nafuu huja polepole, kwa majuma. Wakati wa kusubiri, mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24. Aandike pia daftarini: maumivu yalianza saa ngapi, yalidumu muda gani, yaliamshwa na nini. Ikilazimu rufaa ya Muhimbili, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, daftari hilo lisiachwe nyumbani, kwani huenda siku ya kuonana na daktari jino likawa limenyamaza kimya.