Fahamu: Safari ya polisi hadi kuwa IGP Tanzania

Askari wa kawaida huanza na cheo cha konstebo. Juu yake wapo koplo na sajenti, kisha wakaguzi, warakibu na makamishna. Kileleni yupo Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP), anayeteuliwa na Rais.

Wengi hufika huko kupitia majukumu mazito. Simon Sirro alikuwa Kamanda wa Kanda Maalumu ya Dar es Salaam kabla ya kuteuliwa IGP Mei 2017, akimrithi Ernest Mangu. Julai 2022 alimpisha Camillus Wambura, aliyekuwa Mkurugenzi wa Makosa ya Jinai, naye Sirro akateuliwa balozi nchini Zimbabwe.

Cheo kinapopanda, uwajibikaji kwa wananchi nao sharti upande.